Gurudumu Lililozika Viazi

Shemeji yangu Otakar Brabenec sikumpenda. Naliweka hili mbele, asije mtu akadhani ninampamba marehemu. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa mume wa dada yangu Blažena, na kwa miaka hiyo yote mvua ikinyesha Tesanov, mji mzima ulikaa pakavu isipokuwa jiko la dada yangu. Alikuwa fundi wa mapaa. Mganga hajigangi, ni kweli, lakini yule hakuwa hata na nia. Beseni la kukingia maji lilikaa pembeni ya jiko la Blažena mpaka likaacha duara sakafuni.

Na siku Blažena alipokuwa anakata roho katika hospitali ya wilaya, mumewe alikuwa juu ya kanisa la mji mwingine. Tulimpelekea habari saa nne asubuhi. Akafika saa kumi jioni, mikono imejaa lami. Nilimuuliza alikuwa wapi.

"Paa lilikuwa wazi," alisema, "na wingu lilikuwa limefunga."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, na dada yangu ameshafunikwa shuka. Tangu siku ile sikumwita tena kwa jina. Nilimwita shemeji, kwa sauti ileile ninayomwitia mbwa wa jirani akiingia bustanini kwangu.

Chuki haikuwa ngeni kwake. Alizaliwa ndani yake. Mtu maarufu wa Tesanov ni Alois Kudrna, aliyebuni mashine ya kuchimbua viazi: gurudumu la chuma lenye meno yaliyopinda, farasi anavuta, gurudumu linazunguka, viazi vinarushwa juu ya udongo na wanawake wanafuata na vikapu. Kabla yake viazi vya milima hii vilichimbwa kwa jembe na migongo ya bibi zetu. Sanamu yake iko uwanjani, shule ina jina lake, na jirani zangu wanamtaja kama vile waliwahi kula naye. Lakini gurudumu la kwanza lilifuliwa na mhunzi Matěj Brabenec, babu yake Otakar, na siku ya kulijaribu lilimkata vidole viwili. Mwandishi wa gazeti alipokuja kuuliza, Kudrna akasema mhunzi alikuwa amelewa. Matěj hakuwa mnywaji. Tumbo lake halikupokea hata bia. Neno lile likabaki gazetini, na gazeti likabaki ndani ya Biblia ya akina Brabenec. Kila mtoto wa nyumba ile alionyeshwa gazeti kabla ya kuonyeshwa herufi.

Matěj huyohuyo ndiye aliyepandisha tufe la shaba juu ya mnara wa kanisa letu mwaka 1934. Huku kwetu tufe la mnara halifungwi tupu. Ndani huwekwa bomba, na ndani ya bomba barua ya mji kwa watu watakaokuja, sarafu za wakati huo, na majina ya mafundi. Likiteremshwa kutengenezwa, la kale linasomwa na jipya linaongezwa. Tulipoliteremsha masika ya 2016, tulikuta karatasi ya mafundi, na juu yake mwandiko mnene: "Matěj Brabenec, fundi, vidole vinane."

Otakar aliomba asomewe mara mbili. Wakati ule nilidhani ni majivuno.

Alikuwa na miaka sabini na moja. Yeye na Blažena hawakujaliwa mtoto. Alikuwa ameezeka makanisa kumi na saba na ghala zisizohesabika, na hakuna hata moja lililoandikwa jina lake. Alitaka kitu kimoja kabla ya kuweka nyundo chini: kulirudisha lile tufe kwa mkono wake, alilehemu mwenyewe kule juu, na jina lake likae ndani karibu na la babu yake. Shaba mpya aliitoa yeye. Kazi aliitoa bure. Paroko akakubali, na paroko wetu akishakubali jambo, hata askofu hambandui.

Sasa mwaka huohuo ilikuwa miaka mia na hamsini tangu Kudrna azaliwe, na ikatangazwa kwamba itatolewa sarafu ya fedha ya koruna mia mbili kwa heshima yake. Upande mmoja simba wa taifa, upande wa pili mashine. Mji ulirukwa na akili. Mchongaji wa sarafu alikuja kutoka Praha, mji mkuu, na kamera yake na rula yake, akataka kuona kimashine cha shaba ambacho Kudrna mwenyewe alikitengeneza kama mfano, kinachokaa ndani ya kabati la kioo kwenye jumba letu la makumbusho. Kina ukubwa wa mkate mmoja. Meno ya gurudumu lake ni membamba kama njiti za kiberiti.

Mwaka mmoja kabla, kimashine kile kilikuwa kimeota ukungu wa kijani, na hakuna aliyejua kukifungua na kukisafisha isipokuwa Otakar. Meya wetu, Radovan Kudrna, kitukuu wa mwenyewe, alikibeba mikononi mpaka karakana ya Brabenec.

"Bwana Brabenec," alisema, "ya kale tuyaache."

"Tuyaache wapi?" aliuliza Otakar. Lakini kazi aliichukua, na baada ya wiki mbili kimashine kikarudi kinang'aa.

Sarafu ilizinduliwa Septemba, kwenye sikukuu ya viazi, ndani ya ukumbi wa zimamoto. Tulijaa mpaka dirishani. Wakusanyaji wa sarafu walikuja kutoka miji mingine, watu wa ajabu wale, wanaume wazima waliovaa glavu nyeupe kama wakunga. Radovan alitaka picha ya suluhu kwa ajili ya gazeti, basi akamwita Otakar mbele na kumpa sarafu ya kwanza ndani ya kikasha chake cha plastiki. Otakar akakifungua, akaitoa, akaibandika kidole gumba katikati.

"Usiguse!" alipiga kelele mkusanyaji mmoja, kama aliyekanyagwa.

Otakar hakumsikiliza. Aliisogeza sarafu kando ya uso, akatazama juu ya bega la Radovan, akasema kwa sauti kubwa, "Gurudumu limetoka vizuri. Unaweza kusema linazunguka."

Sisi wa safu ya mbele tuliona. Upande aliokuwa ameugeuza kwake ulikuwa wa simba. Mtu ameshika simba anasifia gurudumu! Kicheko kilianza kikafa. Kila mmoja alielewa kwamba anatudhihaki.

Kisha sarafu ikampitia Cyril Doskočil, mzee wa miaka themanini na nane aliyechimba viazi kwa mashine ile ujana wake wote. Akaweka kioo cha kukuzia jichoni. Akatazama muda mrefu, akageuza, akatazama tena.

"Radovan, mwanangu," alisema, "hii haichimbui. Meno yameangalia nyuma. Hii inazika."

Hapo ndipo ukumbi ulipofumuka. Kimashine kililetwa mbio kutoka makumbusho, na ni kweli, gurudumu lilikuwa limevikwa kinyume. Mchongaji alikuwa amechonga alichokiona. Angejuaje, mtu wa Praha anayeonana na kiazi sahanini tu? Sarafu zote zilikuwa zimeshapigwa, za fedha safi, na kila moja ilikuwa na mashine ya Alois Kudrna inayozika viazi ardhini.

"Makusudi!" alisema Radovan. Midomo ilikuwa imemgeuka myeupe. "Umefanya makusudi, wewe mzee wa sumu. Kimashine umekipokea kwangu kizima!"

Watu wote walimgeukia Otakar. Naye, kama kawaida yake ya siku hizo, hakumtazama mtu usoni. Kwa kama miaka miwili alikuwa ameanza tabia hiyo: ukizungumza naye, anaangalia sikio lako, au bega, kana kwamba uso wako haustahili. Tulikuwa tumeshamchoka kwa dharau hiyo.

"Babu yangu alikuwa amelewa," alisema Otakar taratibu, akiliambia sikio la meya. "Labda na mimi nililewa."

Akaweka sarafu mezani, akatoka.

Sitasahau wiki zilizofuata. Watu wa Dolany, mji wa jirani, walianza kutusalimia kwa kuuliza tumezika magunia mangapi leo. Timu yetu ya mpira ilirushiwa viazi uwanjani. Na hasira yote ile ililetwa mlangoni kwa Otakar. Baa ilikataa kumuuzia bia. Mwuza mikate alimwambia, "Mkate wako nimeuzika nyuma ya nyumba, kachimbue." Asubuhi moja alikuta gunia la viazi vilivyooza limemwagwa kizingitini, na kibao cha mbao: HAPA AMEZIKWA FUNDI. Alivizoa kwa koleo.

Mimi? Nilifurahi. Kwa nini nifiche? Nilipita mbele ya nyumba yake kwenda dukani hata siku nisiyohitaji chumvi.

Radovan alimwendea paroko, akataka Otakar aondolewe kwenye mnara na aletwe fundi kutoka mji mwingine. Paroko akamwambia tufe ni la kanisa, sarafu ni ya serikali, na roho ya Brabenec ni ya Mungu. Meya ashike taka za barabarani. Ndipo Radovan alipokuja kwangu. Mimi ni mwandishi wa kumbukumbu za mji, kazi niliyoifanya miaka ishirini na saba, na barua ya kuwekwa ndani ya tufe ilikuwa yangu kuandika.

"Bi Miluše," alisema, "huyo hawezi kupandisha jina lake huko juu kama mtakatifu. Barua iseme alichokifanya. Watu wa miaka mia ijayo wamjue."

"Umechelewa," nilimjibu. "Nimeshaandika."

Nilikuwa nimelijaribu lile fungu kwa namna tatu, jinsi mpishi anavyoonja mchuzi. Nikabaki na hili, liko mstari wa tisa: "Kosa lililomo katika sarafu hii lilifanywa kwa chuki na fundi Otakar Brabenec." Nilipenda jina lake kukaa mwisho, mahali ambapo msomaji hupumzika.

Siku tano kabla ya tufe kupandishwa, nilikwenda karakana kwake mchana. Nilitaka kumsomea na kumwona uso. Nilibeba pia picha ya zamani ya mashine ikiwa shambani, ili akiri kwa mdomo wake jinsi gurudumu linavyokaa. Nilimkuta anakunja bati kwa vidole, haraka, bila kulitazama. Msaidizi wake Lubor, mtu mzima asiyesema zaidi ya maneno kumi kwa siku, aliponiona alitoka nje.

"Karibu, shemeji," alisema Otakar, akiliambia sikio langu la kushoto. "Umeleta viazi?"

"Nimeleta hukumu." Nikamsomea mstari wa tisa.

"Mwandiko mzuri," alisema, ingawa karatasi ilikuwa mikononi mwangu.

"Na hii utasemaje?" Nikatia mkono mkobani, nikatoa picha, nikaisukuma mbele ya pua yake. "Itazame vizuri. Ndivyo ilivyokaa, au sivyo?"

Aliishika. Akaikunjia uso kidogo. "Ndivyo," alisema. "Lakini chuma chenyewe kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Kutu tupu. Bora kilivyotupwa."

Nikatupa jicho kwenye picha ili nimjibu. Haikuwa ya mashine. Nilikuwa nimechomoa ile nyingine, ya Blažena, niliyokuwa naipeleka kwa mpiga picha aichape kwenye kigae cha kaburi. Dada yangu alikuwa pale, anacheka, na mtu huyu amemwita kutu.

Mkono wangu ulishanyanyuka kumzaba kofi. Nasema kweli, ulishafika usawa wa bega. Kisha nikaona kwamba hakuuona. Ulikuwa mbele yake kabisa, na hakupepesa macho.

Nikaushusha polepole. Nikakumbuka simba. Nikakumbuka masikio yetu yote aliyoyatazama miaka ile, na karatasi ya babu yake aliyoomba asomewe mara mbili.

"Tangu lini?" niliuliza.

Aliendelea kushika picha kwa ncha za vidole. "Mwaka wa tatu huu," alisema. "Katikati pameziba, kama mtu amebandika kiraka. Pembeni naona. Wewe kwa mfano, una hereni."

"Daktari?"

"Uzee wa jicho. Dawa hakuna."

"Na kimashine?"

"Hivyo vijino!" Alicheka kwa hasira. "Bati nalijua kwa mkono. Lakini vidole vyangu vimeota sugu kama kwato, vijino vile hata sikuvisikia. Nilivika gurudumu kwa kukisia. Hamsini kwa hamsini. Nikakosa."

"Na umeacha mji mzima ukutemee mate?"

"Wakijua sioni, paroko ataniruhusu kupanda?"

Niliitazama barua mkononi mwangu.

"Mtu mwenye roho mbaya anaruhusiwa kupanda mnara, Miluše. Kipofu haruhusiwi."

"Mficha maradhi kilio humuumbua," nilimwambia.

"Kilio changu nani atalia? Wewe?"

"Utaanguka, mpumbavu wewe!"

"Nimepanda miaka hamsini na tano. Lubor ana macho. Hana mdomo, ndiyo maana nilimwajiri."

"Nitaifuta hii. Nitaandika ukweli. Miaka ishirini na saba sijaandika uongo kwenye kumbukumbu za mji huu, na sitaanza kwa ajili yako."

Hapo aligeuka. Alipindisha kichwa upande ili anipate kwa pembe ya jicho, kama kuku anavyotazama punje, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa nikatazamwa usoni na shemeji yangu.

"Umenichukia miaka tisa bila likizo," alisema. "Unataka kuacha leo, siku tano kabla? Iache barua ilivyo. Kwa chuki. Ni neno zuri, lina miguu. Wakilisoma hilo, hakuna atakayeuliza zaidi."

Nilitaka picha yangu. Nilinyoosha mkono kuichukua, naye hakuiachia.

"Picha ya nani?" aliuliza. "Ulinyamaza ghafla."

Nilimwambia.

Aliinyanyua mpaka karibu na sikio, akapindisha kichwa tena, akakaa hivyo. Nje Lubor alikuwa akigonga kitu. "Amevaa ile ya bluu?" aliuliza.

"Ya kijani."

"Ya kijani," alisema. Akanirudishia. Nilitoka bila kuaga, na njia nzima nililia kwa hasira. Nilimkasirikia kwa jiko la dada yangu, nikamkasirikia kwa siku ile ya hospitali, na zaidi ya yote nilimkasirikia kwa kunifanya mshirika wake. Ningesema neno moja tu kwa paroko na mtu huyu angekuwa salama, amesafika, na amekwisha. Wangemletea supu. Wangemshika mkono kuvuka barabara, walewale waliommwagia viazi. Nilijiona nikimletea supu mimi mwenyewe, nikajichukia. Barua sikuigusa.

Jumamosi ile ya Oktoba uwanja ulijaa. Bendi ya matarumbeta, moshi wa soseji, tufe lenye shaba mpya limewekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na kreni iliyokodiwa mpaka saa sita mchana inanguruma pembeni. Paroko alibariki. Radovan akaweka sarafu ndani ya bomba, ile yenye alama ya kidole gumba, kwa sababu hakuna mkusanyaji aliyeitaka. Kisha akachukua barua kwangu na kupaza sauti.

"Kwa desturi barua inasomwa na mwandishi," alisema. "Leo ningependa fundi mwenyewe atusomee. Hasa mstari wa tisa." Akamkabidhi Otakar.

Watu walipiga makofi. "Soma, mzika viazi!" alipiga kelele mtu kutoka upande wa soseji.

Otakar alisimama na karatasi mkononi. Alikuwa amevaa kofia yake nyeusi ya kazi na koti safi. Karatasi hakuiinua.

"Ulimi umekukwama?" alisema Radovan. "Ulipokuwa unageuza gurudumu mkono haukukwama!"

"Soma! Soma!"

Niliona kidole chake kikitembea ukingoni mwa karatasi, kinatafuta upande wa juu. Paroko pia alikuwa ameanza kumtazama, na paroko si mjinga. Sekunde mbili zaidi na angeuliza.

Nikajitosa. Niliivuta ile karatasi mkononi mwa Otakar kwa nguvu mpaka kofia yake ikapinda.

"Lete hapa!" nilifoka. "Miaka ishirini na saba naandika mimi, nasoma mimi! Barua ya mji haitasomwa na mtu mwenye lami kucha zake, aliyemwacha dada yangu afe peke yake! Wewe Radovan nawe, ukitaka mchezo nenda kwenye sarakasi!"

Hakuna aliyeshangaa; kila mtu alijua tunavyochukiana. Nikasoma barua yote, na nilipofika mstari wa tisa niliusoma kwa sauti yangu yote na sumu yangu yote ya miaka tisa, ambayo haikuhitaji kutafutwa. Walishangilia mpaka njiwa wakaruka kutoka mnarani.

Ikaja zamu ya saini. Paroko, meya, mimi, Lubor. Chini ya saini zetu palibaki nafasi nyeupe ya upana wa vidole vinne. Otakar akainama mezani, nikampa kalamu nene ya wino.

"Wapi?" aliuliza bila kusogeza midomo.

Nilimkamata kidole kama anavyokamatwa mwizi, mbele ya watu wote. "Hapa!" nilisema kwa sauti. "Na usichafue!" Nikakiweka nilipotaka mimi.

Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, akikaza mkono: Otakar Brabenec, fundi. Wino ulikuwa mwingi. Alipomaliza, mstari wa tisa ulisomeka: "Kosa lililomo katika sarafu hii lilifanywa," na kuanzia hapo palikuwa na saini yake tu, nyeusi, iliyolala juu ya maneno yote yaliyobaki. Kosa lilikuwepo. Jina lilikuwepo. Chuki haikuonekana tena, hata ukiinua karatasi juani.

"Mnaona!" Radovan aliruka. "Mnaona mtu huyu! Hata barua ameiharibu makusudi! Iandikwe upya!"

"Kreni ni mpaka saa sita," alisema paroko. Alikuwa amesoma mstari ule, kisha akanitazama mimi, kisha kidole cha Otakar ambacho bado nilikuwa nimekishika. Akaikunja barua, akaitia ndani ya bomba mwenyewe.

Otakar alipanda. Lubor mbele, yeye nyuma, mkono mmoja kwenye chuma cha jukwaa wakati wote, na watu wakimzomea kutoka chini. Nilitazama kila hatua na nilimtukana kimoyomoyo kwa kila hatua, kwa sababu sikujua kuomba kwa ajili yake namna nyingine. Tukaona tufe linafika juu, tukaona moshi mdogo wa kulehemu. Mpaka leo hakuna tone lililoingia.

Alipoteremka, watu walikuwa wameshakwenda kula. Alinipita karibu na ngazi, akasimama, akalitazama sikio langu.

"Umesoma vizuri," alisema. "Chuki ilisikika."

"Haikunipa shida," nilimjibu.

Akacheka, akarekebisha kofia, akaenda zake katikati ya barabara kama mtu aliyeshinda kesi. Baa haikumuuzia bia siku ile wala mwaka uliofuata. Alikufa Februari ya mwaka wa pili, kwa kichomi, akiamini kwamba jina lake limelala juu ya mnara wa Tesanov kama la mtu mwenye chuki, na kwamba ilistahili. Mara nyingi nilitaka kumwambia nilikoweka kidole chake. Sikumwambia. Angenishukuru, na shukrani ni kitu ambacho mimi na shemeji tusingeweza kuvumiliana nacho.